Zimebaki Tatu: Nasaha kwa Vijana Wanaonunua na Kuuza kwenye Skrini

Wanangu, kuna maneno mawili yanayowatoa pesa mfukoni kuliko maneno mengine yoyote ya biashara: "zimebaki chache." Mnayasikia kila mnaposhika simu. Dada anauza viatu mubashara, anainua jozi moja mbele ya kamera, anasema zimebaki tatu tu, wahi, ukichelewa usinilaumu. Kaka anauza saa za mkononi, ameandika chini ya picha kwamba ofa inakwisha saa sita usiku. Nanyi mnatuma pesa kabla hamjauliza kama kiatu kinawatosha, kama saa ina waranti, kama bei hiyohiyo haipo duka la jirani.

Mimi nimeuza kanga na vitenge tangu ujana wangu. Najua mteja anafanya nini akiambiwa "hii ndiyo doti ya mwisho." Hata aliyekwisha kuvaa viatu vyake na kushika njia hurudi, akaishika, akaigeuza, akauliza tena bei ambayo dakika moja nyuma aliiona kubwa. Basi nasema na ninyi nikiwa mtu wa ndani ya biashara, wala sina chuki na muuzaji anayetafuta riziki yake. Nasema kwa sababu jambo hili limepata mitambo na wataalamu, limepimwa na kunolewa kwa miaka zaidi ya arobaini, na ninyi mmeachwa mbele yake bila mtu wa kuwaeleza linavyofanya kazi. Lilikomaa Marekani, kwenye televisheni za kuuza bidhaa, na ukijua lilivyokua kule utalitambua hata likikujia kwa Kiswahili safi cha Kariakoo.

Mwaka 1977, katika mji wa Clearwater, jimbo la Florida, kulikuwa na kituo kidogo cha redio mali ya Lowell Paxson. Mfanyabiashara mmoja aliyetangaza pale alishindwa kulipa deni la matangazo, akatoa mali badala ya fedha: vifungulia makopo vya umeme 112, rangi ya kijani cha parachichi. Paxson akampa mtangazaji wake, Bob Circosta, kazi ya kuviuza hewani kwa dola 9.95 kimoja. Vikaisha vyote. Mwaka 1982 Paxson na mwenzake Roy Speer wakaipeleka biashara hiyo kwenye televisheni ya kebo ya eneo lao, na mwaka 1985 ikaenea Marekani nzima kwa jina la Home Shopping Network.

Litazameni vizuri tukio lile la kwanza. Vifungulia makopo vilikuwa 112 kweli. Idadi ile ililetwa na deni la mtu, hakuna aliyekaa ofisini akaipanga. Mtangazaji aliyewaambia wasikilizaji kwamba vipo hivi tu, vikiisha basi, alikuwa anasema kweli tupu. Ila wenye jicho la biashara waliona jambo: kumbe uhaba wenyewe unauza. Na kama uhaba unauza, kwa nini mtu asubiri uje wenyewe? Katika miaka yake ya mwanzo kituo kile cha televisheni kilikuwa na utaratibu wa kuuza bidhaa wakati tu ikiwa kwenye skrini. Ikiondolewa, umeikosa. Hapo uhaba haukutoka tena ghalani, ulitoka kwenye saa ya ukutani. Mzigo ungeweza kujaa hadi darini, lakini mtazamaji alikuwa na dakika zake chache, na katika dakika hizo aamue, atafute kadi ya benki, apige simu.

Mtu mwingine wa kumjua ni Joseph Segel, aliyeanzisha QVC, kituo kingine cha kuuza bidhaa kwa televisheni, mwaka 1986 kule West Chester, Pennsylvania. Huyu alikuwa ameshajifunza somo la uhaba miaka ishirini na zaidi kabla. Mwezi Machi 1964 Wamarekani walipanga foleni nje ya Hazina ya nchi yao, Washington, wakitafuta dola za mwisho zilizotengenezwa kwa madini ya fedha. Segel aliiona picha ya foleni ile. Mwaka huohuo akaanza biashara ya medali za kumbukumbu, iliyokuja kuwa kampuni ya Franklin Mint, muuzaji mashuhuri wa kile walichokiita toleo lenye kikomo. Kikomo kiliwekwaje? Mara nyingi kwa tarehe. Zitatengenezwa medali kwa idadi ya wote watakaoagiza kabla ya siku fulani, kisha basi. Fikirini maana yake. Wakiagiza watu elfu tano, toleo ni elfu tano. Wakiagiza laki moja, toleo ni laki moja. Vyote viwili vina kikomo, na mwenye kukiweka ni yuleyule anayeuza. Watu walizifungia kabatini wakiamini wanawawekea watoto wao utajiri. Bei ya madini ya fedha ilipopaa kuelekea mwaka 1980, medali nyingi ziliishia kuyeyushwa, maana madini yaliyomo yalikuwa na thamani kuliko medali yenyewe.

Segel hakuwa tapeli, msinielewe vibaya. QVC aliijenga iwe na sauti ya upole kuliko wenzake, aliwaruhusu watu warudishe bidhaa ndani ya siku 30, na kituo kikadumu. Ninachotaka mkione ni kwamba yule aliyeiona foleni ya Washington, foleni ya uhaba wa kweli, ndiye aliyejua zaidi namna ya kuuza kwa kikomo cha kutengenezwa.

Sasa tuingie studio, maana huko ndiko kwenye mambo.

QVC kila siku huchagua bidhaa moja ya bei maalumu. Bei hiyo huanza saa sita usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani na huondolewa siku ikiisha. Pembeni mwa skrini kuna bei ya kawaida, bei ya leo, na mara nyingi bei ya tatu yenye tarakimu ndogo kuliko zote, nayo ni ya awamu moja tu kati ya awamu nne au tano. Jicho hukimbilia ile ndogo. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, na kuna wakati huwekwa idadi ya zilizouzwa, ikipanda mbele ya macho yako. Mtangazaji ana kifaa sikioni. Nyuma ya kamera kuna watu wanaoangalia oda zinavyoingia dakika kwa dakika, nao humwambia lipi limewagusa watu. Akisema "mama yangu anayo hii" na simu zikapanda, atalisema tena. Zikishuka, atahamia jambo jingine. Yaani anayezungumza nawe anaona mapigo ya moyo wako, wewe huoni ya kwake.

Kisha huja habari ya rangi. Hii ndiyo mbinu ninayotaka mwijue kuliko nyingine, kwa sababu mnaikuta kila siku kwenye simu zenu. "Nyekundu imekwisha. Buluu zimebaki chache. Saizi kubwa kwa nyeusi zimekwisha." Ulikuwa huitaki nyekundu. Ulikuwa hujaifikiria hata. Lakini kusikia imekwisha kunakufanya uione buluu kama kitu kilichookolewa, na mkono unatafuta simu. Mzigo mmoja umegawanywa vifungu kumi na viwili vya rangi na saizi, na kila kifungu kinapokwisha kinapiga kengele kwa ajili ya vingine vyote. Muuzaji aliyeingiza nyekundu kidogo na buluu nyingi anapata kengele yake mapema. Sisemi kila mmoja hufanya hivyo kwa makusudi. Nasema mtazamaji hana njia ya kujua.

Halafu huwekwa hewani simu ya mteja, mama fulani kutoka mji fulani, anayeeleza kwamba ameshanunua tatu, moja yake na mbili za zawadi. Mama yule ni wa kweli na furaha yake ni ya kweli. Ila aliyerudisha ya kwake wiki iliyopita hawekwi hewani.

Kwa nini mambo haya yanatushika hivi? Mwaka 1975 wanasaikolojia watatu, Stephen Worchel, Jerry Lee na Akanbi Adewole, walichapisha jaribio la biskuti. Waliwapa watu waonje biskuti kutoka kwenye chupa. Wengine waliona chupa yenye biskuti kumi, wengine chupa yenye mbili. Biskuti zilikuwa zilezile. Waliokuta mbili walizitamani zaidi na wakazikadiria bei kubwa zaidi. Walipobadilisha mchezo, mtu akakuta kumi kwanza kisha zikapunguzwa zikawa mbili mbele yake, tamaa iliongezeka kuliko kwa aliyekuta mbili tangu mwanzo. Na tamaa ilikuwa kali zaidi pale walipoambiwa kwamba zimepungua kwa sababu watu wengine wamezihitaji. Linganisheni hilo na ile idadi inayokimbia kwenye skrini: ilikuwa nyingi, sasa ni chache, na wanaoimaliza ni watu kama wewe. Hakuna kilichoachwa nje.

Lakini kuna jambo moja katika jaribio lile ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka, nalo kwangu ndilo kubwa. Waliozitamani sana zile biskuti mbili hawakusema kwamba ni tamu zaidi. Walizitaka zaidi, wakawa tayari kuzilipia zaidi, na mdomoni zilikuwa biskuti zilezile. Uhaba uliwaongezea hamu ya kupata, haukuwaongezea raha ya kula. Wanangu, mangapi mmeyakimbilia hivyo? Fungueni makabati yenu. Lile gauni lenye lebo yake bado, ile mashine ya kusaga matunda iliyotumika mara moja, vile viatu vinavyobana. Siku ya kununua kila kimoja kilikuwa cha mwisho.

Tena hata hao watu wengine wanaogombea kitu wanaweza kuletwa kwa maneno tu. Mwandishi wa matangazo ya televisheni huko Marekani, Colleen Szot, alibadilisha sentensi moja. Matangazo ya aina yake yalizoea kusema kwamba wahudumu wanasubiri, piga simu sasa. Yeye akaandika kwamba kama wahudumu wana simu nyingi, tafadhali piga tena. Mauzo yakavunja rekodi. Sentensi ya zamani ilimletea mtazamaji picha ya wahudumu waliokaa bure. Mpya ilimletea picha ya umati. Bidhaa haikubadilika, bei haikubadilika, hata mzigo haukupungua. Umati ulitengenezwa kwa maneno. Mkimsikia muuzaji wa mubashara anasema "jamani naombeni mnivumilie, inboksi imejaa," huenda imejaa kweli. Huenda pia amejifunza kazi.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Kulikuwa na chaneli iliyoitwa Price Drop, ambako bei ilianza juu ikateremka kadiri mzigo ulivyopungua, na mnada ulikwisha pale mzigo ulipokwisha. Wote waliowahi walilipa ile bei ya mwisho, ya chini. Ukisikia hivyo unaona haki tupu. Lakini angalia mtazamaji alivyowekwa: akisubiri bei ishuke, mzigo unaisha; akiwahi, hajui atalipa ngapi, ila anajua haitazidi ile anayoiona. Akili yote imehamishwa kutoka kwenye swali "nakihitaji?" kwenda kwenye swali "niingie lini?" Na mtu aliyeshughulika na swali la pili tayari amelijibu la kwanza bila kujua. Wenye chaneli ile walifilisika mwaka 2014, lakini mchezo wenyewe haujafa.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naipenda methali hiyo, ila msiitegemee sana katika zama hizi, maana siku hizi kizuri nacho hutembezwa. Mwaka 1992 Joy Mangano, mama aliyebuni mopa ya kudekia inayojikamua bila mikono kulowa, alisimama mwenyewe mbele ya kamera za QVC na kuuza mopa 18,000 katika dakika ishirini. Kilikuwa kitu cha maana na watu walikipenda. Lakini mopa ile iliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye, kwa mamilioni. Aliyezikosa zile dakika ishirini hakukosa kitu. Hilo ndilo la kuweka akilini kuhusu vitu vizuri vinavyotengenezwa kiwandani: kikipendwa, kiwanda kinatengeneza kingine. Muuzaji mwenye bidhaa inayotoka haraka hawezi kuiacha iishe kabisa, labda awe amerukwa na akili.

Uhaba wa kweli upo, nisije nikawafanya mkatae kila neno la muuzaji. Nenda Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Changu waliopo mnadani ni wale waliotua kwa mashua usiku ule. Kusi ikichafua bahari, samaki wanapungua, bei inapanda, na mvuvi hana la kufanya. Tiketi za boti ya Zanzibar siku mbili kabla ya Idi ni chache kweli, kwa kuwa viti havizaliani. Mitumba nayo: kwenye robota, koti zuri la aina yake ni moja, ukiliacha mwingine atalichukua. Hapo kuwahi ni busara. Tofauti ni nani aliyeiweka idadi. Bahari, chombo, robota, hayo hayana nia ya kukuuzia. Idadi iliyo kwenye skrini imewekwa na mtu mwenye nia ya kukuuzia, naye anaweza kuibadilisha kesho asubuhi. Kwa hiyo ukisikia zimebaki tatu, swali lako la kwanza liwe hilo: nani kazihesabu, na zilikuwa ngapi mwanzoni? Uliza hadharani, kwenye komenti, kwa adabu. "Samahani dada, mzigo ulikuwa jozi ngapi?" Mwenye mzigo wa kweli atajibu bila kununa. Mimi nilikuwa nikiulizwa hivyo dukani, nilikuwa namwonyesha mteja rafu.

Swali hili si la pesa ndogo tu. Haraka hufunika mambo mazito. Mwaka 2009 QVC ilikubali kulipa dola milioni 7.5 kumaliza mashtaka ya Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba kituo kilitangaza dawa za kupunguza mwili na losheni kwa maneno yasiyo na ushahidi. Mtu anayehesabiwa sekunde hawezi kuuliza ushahidi uko wapi. Ndiyo maana nawasihi kwa nguvu zaidi panapohusika dawa, vipodozi vya kuchubua au kupunguza mwili, na vyakula vya watoto: saa ikianza kuhesabu kurudi nyuma kwenye vitu hivyo, fungeni skrini. Kitu kinachoingia mwilini hakinunuliwi kwa mbio.

Wenzetu wa Ulaya waliona ubaya huu wakauandikia sheria. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2005, na kanuni za Uingereza za mwaka 2008 zilizoufuata, ziliweka kwenye orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku moja kwa moja kusema uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili kumfanya mteja aamue papo hapo bila nafasi ya kutosha ya kufikiri. Sheria mpya ya Uingereza ya mwaka 2024 imeliendeleza katazo hilo. Ndugu zetu mlioko London au Leicester mnaotazama QVC ya huko, iliyoanza mwaka 1993, mna pia siku 14 za kughairi vitu vingi mlivyonunua kwa simu au mtandaoni, bila kutoa sababu. Zitumieni. Nimeona watu wanaona haya kurudisha kitu, kana kwamba wamemkosea muuzaji. Hamjamkosea. Bei yake imekwisha kuhesabu kwamba wapo watakaorudisha.

Kwetu nako hatuko mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kuisimamia. Nchini Kenya, ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Lakini nisiwadanganye: jozi moja ya viatu vya elfu thelathini, iliyotumwa na mtu mwenye jina la kubuni na namba ya simu isiyopokelewa, haitawafikisha mbali kwenye ofisi yoyote. Kinga yenu ya karibu ni tabia zenu wenyewe, na tabia hujengwa kabla ya siku ya kishawishi.

Kwa hiyo andikeni mnachokihitaji kabla hamjafungua skrini. Hata kwenye karatasi ya sigara. Mwezi huu nahitaji sare ya mtoto, jiko la gesi, viatu vya kazini. Kikitajwa kitu kilichomo, simama, linganisha bei, agiza. Kikitajwa kisichomo, hata kiwe cha mwisho duniani, kiache kilale usiku mmoja. Asubuhi mtashangaa ni vingapi hamvikumbuki kabisa. Na rudini mkaangalie: nendeni kesho kwenye ukurasa wa yule aliyesema zimebaki tatu. Mkikuta zimebaki tatu tena, mmeshajua mlichohitaji kujua juu yake.

Jihadharini pia na mahali pesa inapotoka. Zamani mtu asiye na pesa alilindwa na umaskini wake. Saa ikihesabu, yeye alikuwa hana cha kutoa. Leo simu inayokuonyesha bidhaa ndiyo simu inayokukopesha. Songesha ipo, Fuliza ipo tangu mwaka 2019, na nyinginezo. Muuzaji anasema wahi, mkopo unasema chukua, na kati yao hakuna hata dakika moja ya mtu kukaa chini. Kitu ulichokinunua kwa haraka kwa pesa ya kuazima unakilipia mara mbili, mara ya pili kwa ada, nacho mara nyingi kimeshakuchosha kabla deni halijaisha. Mkope kwa ugonjwa, kwa ada ya shule, kwa mtaji. Ofa ya saa sita usiku haimo katika hayo.

Nimebakiwa na neno kwa ninyi mnaouza, na nalisema kwa upendo zaidi, maana wengi wenu mmeanza biashara kwa simu moja na marobota mawili, na juhudi yenu naiheshimu. Najua shinikizo. Unakaa mubashara saa mbili, watu mia wanatazama, hakuna anayenunua, na ulimi unataka kusema zimebaki tatu ilhali stoo kuna jozi arobaini. Ukisema, zitatoka kumi usiku ule. Lakini mteja wa mitandaoni ana kumbukumbu, ana picha za skrini, ana marafiki. Dukani kwangu waliorudi mwaka baada ya mwaka, wakaleta binti zao na wake wa kaka zao, ni wale niliowaambia "usiinunue hii, wiki ijayo inaingia nzuri zaidi." Walinunua kidogo siku ile. Wakanunua miaka thelathini.

Basi mkiwa na arobaini, semeni arobaini. Mkiwa na tatu, semeni tatu, na mwonyeshe rafu. Bei ya zamani mnayoikata kwa mstari iwe bei mliyowahi kuiuza kweli. Ofa mliyosema inakwisha Ijumaa, ikwishe Ijumaa. Na wewe mnunuzi unayesoma haya, ukimpata muuzaji wa namna hiyo, mshike, mpe biashara yako, mtaje kwa majirani, hata kama kwake bei imezidi kwa elfu mbili.